Kiganja cha Mpiga Pasi

Kwenye lile duka la dobi, mwenye amri kuliko wote alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu. Walimwita Bosi. Kila asubuhi mama yake alimtua ndani ya kapu kubwa la shuka, pembeni mwa meza ya kupigia pasi, naye alishika ukingo wa kapu kwa mikono miwili, akanyanyua kidevu, akawakagua watu mmoja mmoja. Mfuaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, hakugusa nguo mpaka apewe ruhusa.

"Bosi! Wafanyakazi wamelala huku!"

"Kazi!" Bosi alipaza sauti, mkono mmoja juu.

"Haya jamani, tumeshafokewa. Shikeni sabuni."

Basi siku ikaanza.

Mfuaji huyo aliitwa Mama Povu, kwa sababu mikono yake haikujua kukauka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ncha kwa maji, vya baridi kama bomba la alfajiri. Mpiga pasi ndiye aliyekuwa mama yake Bosi. Alikuwa binti bado, mkimya, mtu wa kujibu kwa kichwa kwanza halafu ndipo kwa mdomo. Baba yake Bosi alikwenda mji mwingine kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke mwingine akampata hukohuko, habari zake zikaishia hapo. Tangu hapo watu wakamwita binti huyo Mama Bosi, na jina lake la kuzaliwa likabaki nyumbani kwa wazazi wake.

Mama Bosi alipiga pasi za mkaa. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kukatika kola ikiwa nusu, kwa hiyo Tajiri, mwenye duka, hakutaka kuusikia. Kaa likianguka chini, Mama Bosi hakutafuta koleo. Aliliokota kwa vidole, akalirudisha ndani ya pasi huku macho yake yako kwenye shati. Wateja walishika vichwa. Yeye aliinamisha uso, ila moyoni alifurahi, maana hakuwa na kitu kingine cha kuwashangaza watu. Na kujua kama pasi imefika, hakuigusa. Aliisogeza karibu na shavu, akatulia kama anayenong'onezwa siri, akajua kuwa hii ni ya kola, hii isubiri kidogo, hii itaunguza nguo laini.

Humo dukani kulikuwa na utani wa siku zote juu ya mikono ya hao wanawake wawili. Kwa Mama Povu kila kitu kilikuwa cha moto. Chai iliyokwisha kupoa ilimuunguza. Ukimpa mkono wa salamu, aliruka: "We, mbona una homa!" Kwa Mama Bosi hakuna kilichokuwa cha moto. Alinyanyua sufuria jikoni bila kitambaa, akashangaa wenzake wanapopuliza vidole. Tajiri, mzee mwembamba aliyekuwa akitembea na vibanio vya nguo vimeng'ata ukosi wa shati lake, alipenda kusema kwamba angeweza kuwakoroga hao wawili kwenye karai moja, angepata mfanyakazi wa uvuguvugu.

Siku chache kabla ya mambo haya, Mama Povu alimkumbatia Bosi akapiga ukelele kwamba mtoto anaungua. Mama Bosi aliacha pasi, akakimbilia zahanati na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi mpaka jua likasimama kichwani. Sista aliweka kipimajoto kwapani mwa mtoto, akakitazama, akamtazama mama.

"Huyu mzima kuliko mimi," akasema.

"Kazi!" Bosi akamwambia.

Walirudi wakakuta shuka za nyumba ya wageni zimelundikana na Tajiri amenuna. Mama Bosi alikuwa mwepesi wa kuona haya. Aliona haya siku ile, na kesho yake akaona haya tena alipokumbuka. Kuanzia hapo Mama Povu akitaja homa, duka zima lilicheka, na Mama Povu mwenyewe alicheka pamoja nao.

Sasa asubuhi yenyewe, Bosi hakukagua mtu. Alitiwa ndani ya kapu akajilaza upande, shavu juu ya shuka, kidole mdomoni. Mkate wake ulibaki ulivyo. Chai ya maziwa alionja, akasukuma kikombe.

"Bosi! Wafanyakazi wamelala!"

Bosi alimtazama Mama Povu, akanyanyua mkono kidogo, kisha mkono ukarudi wenyewe.

"Ee! Leo tumefutwa kazi wote," Mama Povu akasema. Alifuta mikono kwenye kanga, akaja akainama, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto. Alikiondoa upesi. "Mama Bosi. Huyu ana homa."

"Mama Povu, na wewe!"

"Nakwambia anachemka."

"Na jana Tajiri naye alichemka," akadakia Mama Bosi, akatabasamu kwa haya, maana si kawaida yake kufanya utani.

"Tajiri jana alikuwa na hasira, hasira nayo ina joto lake. Huyu ni homa. Mguse mwenyewe."

Mama Bosi aliweka pasi juu ya kigae, akaja akamgusa mwanawe. Aligusa paji, akagusa shingo, akaingiza mkono mgongoni chini ya gauni. Alimgusa vizuri, si kwa haraka, maana alimpenda. Kiganja chake hakikumwambia neno. Palikuwa pa kawaida tu, kama ukosi wa shati uliopoa.

"Yuko sawa," akasema. "Usingizi haukumtosha, majirani walipiga redio."

Mama Povu alisimama pale akiviangalia vidole vyake vyeupe. Huenda naye alikumbuka benchi la zahanati na ule mlundo wa shuka. "Haya," akasema mwishowe. "Mikono yangu hii, bora ningepewa miguu minne." Akarudi kwenye karai.

Kazi siku hiyo ilikuwa nyingi. Nyumba ya wageni ilitaka shuka zake mapema, na Mama Bosi alizipiga moja baada ya nyingine, anaichovya mikono kwenye bakuli la maji, anarushia matone, anapitisha pasi, mvuke unapanda hadi kwenye bati. Zilizokwisha alizikunja, akazitia kwenye kapu la Bosi kama kawaida, kuzunguka miguu yake, maana mtoto yule alipenda kulala kwenye shuka zilizotoka tu mezani. Kila alipoongeza moja alimgusa tena. Shuka ilikuwa na joto, mtoto alikuwa na joto, na vyote viwili kwa kiganja kile vilikuwa kitu kimoja.

Kuelekea mchana aliona Bosi anatetemeka.

"Baridi, mama?"

"Baidi," Bosi akajibu, meno yakigongana.

Mama Bosi akachukua shuka iliyokuwa juu ya meza, iliyotoka chini ya pasi sasa hivi, akamfunika nayo hadi kidevuni. Akaichomeka pande zote, vizuri, isiingie hata pumzi ya upepo. Bosi akafumba macho. Mama yake akarudi mezani na moyo umetulia, kwa kuwa mtoto alisema anachotaka naye amempa.

Jambo hili ndilo lililomrudia baadaye kuliko yote. Lile la kukataa kumsikiliza Mama Povu hata mwingine angelifanya. Hili la shuka alilifanya yeye, kwa mikono yake, na alilifanya kwa mapenzi.

Kilichofuata hakikupiga kelele. Kapu lilianza kutikisika. Mama Bosi alidhani mtoto anacheza, akatabasamu bila kugeuka, akamaliza mkunjo. Alipogeuka, macho ya Bosi yalikuwa yamepanda juu, weupe mtupu, na mikono midogo inavuta, inaachia, inavuta, kama inayoanua nguo kwenye kamba isiyokuwepo.

"Mama Povu!"

Hakuna mtu dukani aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Mama Povu alifika akichuruzika maji. Alimtoa mtoto ndani ya shuka zile za moto, akasema, "Degedege, degedege hii, mlaze ubavu," akavuta shuka mbichi kwenye ndoo ya kusuuzia, akaikamua kwa mkono mmoja, akamzungushia. Tajiri alitokea nyuma na kibanio kwenye ukosi. Aliona, hakuuliza. Alitupa mzigo wa nguo za watu kutoka kwenye baiskeli yake ya kusambazia, zikaanguka barabarani zilivyo safi.

"Panda nyuma, mwanangu. Mshike."

Mama Bosi akapanda. Tajiri akakanyaga baiskeli akihema, na Mama Povu akakimbia pembeni bila viatu, ameshika pindo la shuka lisiingie kwenye gurudumu. Dukani pasi ilibaki imelala juu ya shuka ya nyumba ya wageni. Wapita njia ndio walioona moshi, wakaingia wakaiondoa.

Hospitali walimpokea haraka. Walimpa dawa ya kusimamisha degedege, wakamtundikia dripu, wakamtoa maji ya mgongoni kwa sindano ambayo Mama Bosi hakuweza kuitazama. Muuguzi mwenye miwani alisimama na kalamu.

"Homa ilianza lini?"

Mama Bosi alitazama viganja vyake. "Sijui."

"Si wewe mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Sasa mama, mtoto anaungua hivi, uko naye, na hujui?"

Mama Bosi aliinamisha uso. Alimngoja Mama Povu aseme. Mama Povu alikuwa na haki ya kusema, na sauti anayo, wodi nzima ingesikia.

"Ilianza asubuhi, sista," Mama Povu akasema polepole. "Nilimgusa mimi."

"Mbona hamkumleta asubuhi?"

"Tulikuwa na kazi," Mama Povu akasema. "Tulikosea."

Neno hilo, tulikosea, lilimfanya Mama Bosi alie. Angesema ulikosea, pengine angejikaza.

Daktari, kijana mwenye sauti ya uchovu, alisema ni homa ya uti wa mgongo. Dawa zimeanza, alisema, na joto lazima lishushwe wakati zinafanya kazi. Akaagiza mtoto akandwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Muuguzi alileta beseni, akamwonyesha Mama Bosi birika la moto na ndoo ya baridi. "Changanya, umkande. Shingo, makwapa, mapajani."

Mama Bosi alichanganya. Alitia mkono, akaona bado ni baridi, akaongeza ya moto. Akatia tena mkono, akaongeza. Alipochovya kitambaa na kukipeleka kwenye kifua cha mwanawe, muuguzi alikidaka njiani.

"Wewe! Unataka kumchoma?"

"Ni uvuguvugu, sista."

"Uvuguvugu!" Muuguzi alipuliza vidole vyake. Kisha akamshika Mama Bosi mkono, akaugeuza, akaona kile kiganja kilivyo, kigumu, kinang'aa, mistari imefutika. Hasira zikamtoka. "Unafanya kazi gani, mdogo wangu?"

"Napiga pasi."

Muuguzi akauachia ule mkono. "Basi usitumie huu. Tumia kiwiko. Au shavu."

Shavu. Mama Bosi aliinama, akaweka shavu lake kwenye shavu la Bosi, na moto wa mtoto ukampiga usoni kama wa pasi iliyofika. Ulikuwa wazi kabisa. Shavu lile lile ndilo lililopambanua joto la kola na la nguo laini, kwa miaka yote ile, bila kukosea hata mara moja. Asubuhi lilikuwa naye dukani. Alikuwa nalo hapo hapo kichwani kwake, wala halikumjia wazo kwamba mtoto naye anaweza kupimwa hivyo.

Basi akakanda. Alipima maji kwa kiwiko, akapima mtoto kwa shavu, akakanda, akageuza kitambaa, akakanda. Homa ilishuka ikapanda, ikashuka ikapanda tena. Mchana uliingia wodini kupitia dirisha la juu, ukatoka, ukaingia tena. Mama Povu alikuja baada ya kazi na chupa ya chai, akamlazimisha anywe. "Kunywa, siyo ya moto," akasema, kisha akaona haya kwa aliyoyasema. Tajiri alikuja mara moja, akasimama miguuni mwa kitanda, akakibana kibanio chake kwenye shuka ya hospitali bila kujua, akaondoka akakisahau.

Asubuhi moja Mama Bosi aliinamisha shavu, likakuta ngozi iliyopoa, yenye jasho la usingizi wa kweli. Alingoja, akarudia. Akaita muuguzi, naye akaweka kipimajoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bosi alifungua macho, akamwona mama yake, akamshika pua kama alivyozoea. Mchana alikula mkate. Alitaka kushuka kitandani, miguu ikamlegea, akakasirika, akalia. Mama yake alicheka na kulia kwa pamoja, na wagonjwa wengine wakacheka naye.

Jioni ile ndipo Mama Povu alipofika, akaambiwa mlangoni kwamba mtoto ameamka. Hakungoja kufika kitandani.

"Bosi! Wafanyakazi wamelala!"

Wodi nzima iligeuka. Mzee mmoja aliyekuja kumwona mjukuu alidondosha chungwa. Bosi alikuwa amewapa mgongo, anacheza na kile kibanio cha Tajiri, anakifungua, anakifunga.

"Bosi! Wafanyakazi..."

Kibanio kilifunguka, kikafungwa.

Mama Povu alikuja karibu, akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, mara moja, kwa nguvu. Halafu akakaa chini, sakafuni, mtu mzima yule na unene wake, akajifunika uso kwa kanga. Bosi alishtuka kwa kuona kanga inatikisika, akatabasamu, akadhani ni mchezo.

Daktari alimpima kwa kengele na kijiti cha chuma. Alisema homa ile ina kawaida ya kuondoka na kitu. Masikio yamekwenda, alisema, yote mawili, na hakutaka kuwapa tumaini la uongo.

"Daktari," Mama Bosi akasema. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu waje. "Kama ningemleta asubuhi?"

Daktari alivua vyombo vyake shingoni, akavikunja taratibu. "Huenda," akasema. Kisha akasema, "Na huenda isingebadilisha kitu. Kwa kweli sijui, mama."

Mama Bosi alijua kwamba hilo ndilo jibu atakalokwenda nalo nyumbani, na kwamba halitakuwa jingine hata akiwauliza wangapi.

Waliporudi dukani, Mama Bosi hakwenda kwenye meza. Alimfuata Tajiri kule kwenye kamba.

"Naomba unihamishe nifue."

"Ufue? Wewe?" Tajiri alishangaa. "Na pasi atapiga nani?"

"Nataka mikono yangu ipoe. Labda itarudi."

Tajiri alitazama pembeni. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Haya, fua," akasema. "Mama Povu, njoo kwenye pasi, Mungu atusaidie."

Mungu alisaidia kwa kiasi chake. Mama Povu aliruka kila aliposhika mpini, akaunguza kola ya mwalimu mmoja, akaloweka vidole kwenye bakuli na kuapa kwamba jehanamu haimtishi tena, ameshaiona. Watu walicheka kidogo. Mama Bosi alikaa kwenye karai, mikono ndani ya maji ya baridi kuanzia asubuhi, na kila mara aliitoa, akagusa kitu, kuona kama imejifunza. Kapu la Bosi lilihamishiwa karibu naye, chini ya kivuli cha nguo zilizoanikwa, mbali na makaa. Bosi aliketi humo akitazama midomo ya watu. Neno lake la kazi bado alikuwa nalo, alilitoa kila alipokumbuka, ila lilikuwa limeanza kupoteza umbo, kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji.

Kisha ikaja siku alipolala kapuni, na wingu likafunga ghafla, matone yakaanza. Ilibidi aamshwe. Mama Bosi alifungua mdomo kumwita, akaufunga. Akaingiza mkono wake uliolowa, akamgusa shavuni.

Bosi aliruka kwa hofu. Alijikunyata pembeni mwa kapu, akapiga ukelele macho yakiwa bado yamefumba, akausukuma mkono ule kwa miguu na mikono, kama mkono wa mtu baki. Mama Bosi alijaribu kumshika, akazidi kulia. Ni mpaka alipofungua macho na kuuona uso ndipo alipotulia, na hata hapo alikuwa na kwikwi ya kilio, anautazama mkono kwa mashaka.

Mama Povu aliyaona hayo kutoka mezani. Aliweka pasi kwenye kigae, akasogea pembeni, kama anayempisha mtu.

Kesho yake Mama Bosi alirudi kwenye pasi. Kapu likarudishwa pembeni mwa meza, ila sasa lilikuwa tupu, halikutiwa shuka ya moto tena, wala halitatiwa. Bosi alilala humo wakati wa joto. Ulipofika wakati wa kumwamsha, mama yake alisimamisha kazi. Akaweka kiganja juu ya shuka iliyotoka tu kupigwa, akakiacha hapo. Hakuhisi kitu, alikisia tu. Halafu akainama, akakilaza taratibu kwenye shavu la mwanawe.

Bosi hakufungua macho. Alikishika kile kiganja kwa mikono miwili, kama anavyoshika ukingo wa kapu, akakivuta chini ya shingo yake, akakilalia.

Mama Bosi alibaki ameinama hivyo hivyo. Nyuma yake Mama Povu alisonya kwa sababu ya sabuni iliyomwingia jichoni, na Tajiri akauliza kwa sauti ndogo kama shuka za nyumba ya wageni ziko tayari, kisha akajijibu mwenyewe kwamba zitangoja. Mama Bosi alitaka sana kujua kama mtoto ana joto au hana. Kiganja kilikuwa kimebanwa na hakikumwambia. Basi akashusha uso wake mpaka chini, akaweka shavu kwenye paji la Bosi, akatulia, akasikiliza.